Nani Kamwambia Muuza Gesi

Mwalimu aliingia chumba cha kushonea saa sita mchana bila hodi wala salamu. Akasimama katikati ya vipande vya kitambaa, kiatu chake kikiwa juu ya kola ya shati la mtu.

"Fundi, umemwambia nani?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kimto chake, taratibu, maana moyo ulishamlipuka na alitaka mikono iwe na kazi.

"Nimemwambia nani nini, Mwalimu?"

"Muuza gesi kanipa hongera. Muuza gesi! Nimempigia simu aniletee mtungi, kafika mlangoni anachekacheka, eti usinyanyue mama, hali yako hairuhusu. Jana mwalimu mkuu kaniletea kiti chenye mto. Mume wangu hajasema, mimi sijasema. Amebaki nani?"

Alibaki Fundi, na wote wawili walilijua hilo. Mwalimu alishapoteza mimba mbili. Mara zote mbili watu walikuwa wamekwisha kumpongeza, na mara zote mbili ikabidi awazungukie mmoja mmoja kuwaambia hakuna tena. Safari hii aliapa hatajua mtu mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Lakini gauni la kazini lilipoanza kumbana, angefanyaje? Alikuja akasimama mbele ya kioo, akaomba kiuno kiachiwe vidole viwili, akasema kwa sauti ya chini kwamba mimba hii anaogopa hata kuitaja. Fundi akamwapia. Na Fundi, jamani, pamoja na makelele yake yote, kwenye hilo hakuwa na mchezo. Alikuwa na mashine mbili tu na kibao kilichofutwa na mvua, lakini wanawake waliwapita mafundi watatu njiani kuja kwake, kwa kuwa yaliyosemwa mbele ya kioo chake hayakuwahi kutoka nje. Mdomo wake ndio uliokuwa biashara yake.

"Wallahi, Mwalimu, sijafungua mdomo," alisema.

"Basi kioo ndicho kilichosema." Mwalimu akavuta gauni lake kwenye kamba, likiwa na pindo nusu, akatoka nalo.

Kwenye mashine ya pili alikaa wifi yake, dada wa mumewe, kichwa chini, anatia uzi kwenye sindano. Fundi akamtazama. Miaka sita wamekaa hivyo, mgongo kwa mgongo, wakitaniana, wakigombania mkasi mmoja mzuri, na hajawahi kumtilia shaka hata kwa kifungo. Lakini siku ile Mwalimu aliponong'ona, wifi si alikuwepo? Si alikuwa palepale, masikio kayatega, mguu kaunyamazisha kwenye pedali?

"Wifi," Fundi akasema, "umesikia hayo?"

"Nimesikia. Maskini Mwalimu. Sijui nani katoboa siri yake."

"Hata mimi sijui," Fundi akasema, na akamwangalia alivyokata uzi kwa meno.

Shaka ikishaingia ndani haitoki kwa kufagia. Wifi akicheka na mteja mlangoni, Fundi anajiuliza wanacheka nini. Akichelewa kurudi dukani na vifungo, Fundi anahesabu ni nyumba ngapi ziko njiani. Mumewe alipoambiwa akasema hayo ya wanawake mtamalizana wenyewe, akageukia upande wa pili. Basi Fundi akaamua kutega mtego. Aliutunga mwenyewe, na akajiona mjanja kweli kweli.

Asubuhi iliyofuata, wakiwa wawili tu, akainama kwa wifi. "Gauni la dada wa duka la dawa tulimalize wiki hii. Anahama mji. Ila usimwambie mtu, kaniomba."

Lilikuwa jambo la uongo mtupu. Dada wa duka la dawa hakuwa anahama hata mtaa. Na ili asije akausahau uongo wake mwenyewe, Fundi akauandika palipo salama, kwenye simu yake, pembeni ya jina: Dada Dawa Anahama. Ndivyo alivyowaweka wateja wote. Wateja mia mbili na kitu, majina yanafanana, na yeye hupokea simu akiwa ameibana kwa bega huku mikono iko kwenye kitambaa. Angewajuaje? Kwa hiyo alikuwa na Bega Moja Chini, ana Mama Pacha Kiuno Kinapanda, ana Bibi Harusi Anayebadili Mawazo. Simu haikutoka mfukoni mwa aproni yake, na namba ya siri aliijua yeye na Mungu wake.

Siku ya tatu dada wa duka la dawa akaja kujaribu gauni, uso umekunjamana. "Fundi, hebu nisaidie. Kila ninayempigia simu ananiuliza nahamia wapi. Wewe umesikia nini?"

Fundi alisubiri kwa shida mteja avue gauni aondoke. Mara tu mlango ulipofungwa akasimama, mikono kiunoni.

"Umenaswa, wifi! Habari ile niliitunga mimi, nikakwambia wewe peke yako duniani. Imefikaje mjini?"

Wifi aligeuka polepole. "Sijamwambia mtu."

"Peke yako, nimesema!"

"Nami nimesema sijamwambia mtu. Miaka sita, wifi. Hata ulipolia hapa ndani kwa ajili ya kaka yangu, nilimwambia nani? Nilimwambia hata mama?"

Hapo Fundi angeweza kusimama kidogo akafikiri. Hakusimama. Hasira yake ikiwaka ilikuwa haina breki, na alisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Wifi alichukua mkasi wake, akachukua kanga yake, akaenda kwa mama yake. Machozi hakuyatoa mbele ya mtu.

Siku sita zikapita. Fundi alishona peke yake, kazi zikamlemea, na tena alijiona ana haki. Siku ya saba akaingia mama mkwe. Fundi alijiandaa kusikia wifi akitetewa, maneno yake kayapanga yote. Lakini mama mkwe alikaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu, nina swali. Nimempigia fundi wa umeme simu, waya umekatika jikoni. Kapokea anacheka, hawezi hata kuongea. Ananiuliza, samahani, wewe ndiye Mama Mkwe Usipokee?"

Fundi akaweka mkasi chini.

"Nikamuuliza kalitoa wapi. Kaniambia ndilo linalotokea kwenye simu yake nikimpigia, kwa ule mtandao wenu wa picha. Sasa mimi nina mtoto mmoja tu wa kiume, na ana mke mmoja tu. Au sivyo?"

"Sivyo, Mama... ndivyo, Mama." Jina hilo alikuwa ameliandika kwa sababu mama mkwe hupiga wakati yeye anakata kitambaa, na akianza kuongea haishi. Hakuwahi kumtajia mtu. Wifi hakuwahi kuliona.

Wakakaa wote wawili, mama mkwe miwani puani, wakaifungua simu. Wakaingia kwenye ule mtandao wa picha, penye "Faragha". Humo wakakuta "Uzoefu Wako", humo wakakuta "Jamii", na chini kabisa, baada ya kutelezesha kidole mpaka kikachoka, swichi ya kijani ikiwaka: Saidia marafiki wajuane. Na maandishi madogo ya kijivu: Ulikubali tutumie majina uliyohifadhi, ili yeyote anayepigiwa amjue anayempigia.

"Ulikubali?" mama mkwe akauliza.

Alikubali lini? Akakumbuka siku aliyojiunga ili aweke picha za magauni. Mteja alikuwa mlangoni, simu inamwuliza swali juu ya swali, na kila swali lina "Kubali" pana kama kiganja na "Baadaye" ya kutafuta kwa tochi. Alibonyeza Kubali mpaka maswali yakaisha. Yeye mwenyewe hamzungushii mtu futi kiunoni kabla hajamwambia anyanyue mikono. Mtandao huu umempima hadi ndani, kisha umewasomea watu vipimo vya wateja wake.

Akaigusa swichi aizime. Simu ikauliza: Una uhakika hutaki kuacha kusaidia? Chini yake "Ndiyo, endelea" na "Hapana, endelea".

"Bonyeza hapana," mama mkwe akasema.

"Si hapana, Mama, ukisema hapana ndiyo wanaendelea!"

"Basi bonyeza ndiyo."

"Nayo inasema endelea!"

Walijaribu mara nne ndipo ikazimika, na ilipozimika ikaacha ujumbe: Majina yaliyokwisha kusambazwa yanaweza kuendelea kuonekana. Fundi akaanza kuyafuta hivyohivyo, moja moja. Lile la Mwalimu lilikuwa Mwalimu Mimba Siri. Neno siri lilikuwemo ndani, jamani, na muuza gesi kalisoma. Alipofika kwa wifi akaacha kufuta. Jioni ile aliyomfukuza, akiwa bado anafoka, alikuwa amelibadilisha jina. Aliandika Wifi Mmbea.

"Mama," akasema, "huko nyumbani wifi anafanya nini mchana kutwa?"

"Anatafuta kazi. Kutwa yuko kwenye simu na mafundi. Hakuna anayemtaka, sijui ana mkosi gani."

Fundi alifunga duka mchana mweupe. Njiani alipita shuleni akamweleza Mwalimu kila kitu, amesimama kwenye jua. Mwalimu alimsikiliza, mkono tumboni, akasema bado anaye, Mungu ni mkubwa, na gauni atalimalizia kwa mtu mwingine. Fundi akaitikia, akaenda zake.

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwa mama yake, karatasi ya namba magotini, sita kati ya hizo zimepigwa mstari. Fundi akapiga magoti hapohapo na kusema yote, la simu, la mtego, na la jina. Hakujitetea. Alilia mpaka kamasi zikamtoka. Wifi alisikiliza bila kupepesa.

"Mafundi sita," akasema mwishowe. "Wawili hawakupokea. Mmoja alipokea ili nimsikie akicheka. Nikadhani labda mkono wangu umesemwa vibaya. Nimelala siku tatu najikagua mshono mmoja mmoja."

"Nisamehe, wifi. Rudi. Ile mashine ni yako."

Wifi akamtupia simu yake mapajani. "Wapigie. Kwa simu yangu. Anza na wa juu."

Fundi akabonyeza. Ikaita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena, na aibu ikampanda mpaka masikioni kana kwamba yeye ndiye anayekatiwa. Mara ya tatu sauti ya mwanamke ikapokea kwa ukali.

"Dada, si nilikwambia nafasi hakuna? Hapa wateja wangu wana siri zao."

"Mimi siye yeye," Fundi akasema. "Mimi ndiye niliyemwandika hilo jina unaloliona."

Kule upande wa pili mashine ikaacha kunguruma. "Kwa hiyo ni kweli au si kweli?"

"Si kweli. Niliandika uongo. Hajawahi kutoa neno la mtu."

"Sasa na wewe," yule mwanamke akauliza, "ni fundi wa wapi, ili nijue wa kumkwepa?"

Fundi akamtazama wifi. Wifi akamtazama tu. Fundi akataja mtaa, akataja duka, akataja hadi rangi ya mlango. Simu ikakatwa.

Wifi akachukua kalamu, akapiga tiki pembeni ya namba ya kwanza.

"Wamebaki watano," akasema.