Zamu Mbele ya Mashine

Asubuhi ile ya mvua za Machi, mwaka 1979, Roza, mwendesha mashine, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya kituo cha kupima mito, Mbeya, machozi yakimlengalenga. Wiki iliyotangulia fundi mgeni alikuja akaipa mashine mfumo mkuu mpya, akasifiwa, akanywa chai, akaondoka zake. Hakuna aliyekumbuka kwamba kisomaji cha kanda kina programu yake ndogo, iliyoundwa kwa mfumo wa zamani. Sasa kila Roza alipojaribu kuigeuza upya kuwa lugha ya mashine, iendane na mfumo mpya, mashine ilimchapia makosa ukurasa mzima.

Na kanda za karatasi zilikuwa pale mezani, zimetobolewa matundu, zimeletwa na gari alfajiri. Matundu yake yalikuwa vipimo vya mito ishukayo Usangu, na kuyasoma kwa macho ni kazi ya siku mbili. Huko Usangu, bondeni, ndiko alikokaa baba yake, mzee Limbu, na ng'ombe aliohama nao kutoka Usukumani. Kama maji yanakuja, lazima aambiwe.

Aliyeiandika programu ile alikuwapo, amestaafu, nyumba ya tatu kutoka kituoni. Shida ni kwamba alikuwa Isakwisa, baba wa mumewe. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Kikohozi chake tu kikisikika njiani, mwanamke anaingia migombani; akivunja mwiko, hutozwa ng'ombe. Isakwisa alikuwa mzee wa kanisa, lakini mila hiyo hakuiacha mlangoni mwa kanisa.

Basi mzee akaitwa, wakapangiwa zamu, na Sedekia, mkuu wa kituo, akawa mjumbe. Mzee akiingia, Roza anatokea mlango wa nyuma kusimama mvuani. Mzee aliijua programu yake kama shamba lake, ila mfumo mpya hakuwahi kuuona. Akabonyeza, akakwama, akatoka. Akaingia Roza, ambaye mfumo mpya anaujua lakini programu ya mzee haijui, naye akakwama. Sedekia alibeba swali la huyu kumpelekea yule, nusu ikamdondoka njiani, maana yeye alijua mifereji, si mashine.

“Baba mkwe wako anauliza, huo mfumo umejengwa na nini?”

“Na nini kivipi, bosi?”

“Mimi nitajuaje, mama? Nimeambiwa hivyo.”

Heshima gani hii, jamani, inayokula muda wa watu! Wakapishana hivyo hadi saa sita ikapita. Hapo Roza akachoka. Akausukuma mlango na kuingia, mzee akiwa bado kitini. Isakwisa aligeukia ukutani upesi, akajifunika uso kwa koti.

“Shikamoo, baba. Ng'ombe wa kosa hili nitalipa. Mfumo mpya una saa ndani yake. Wa zamani haukuwa nayo.”

 Mzee akauambia ukuta: “Ndiyo hiyo. Programu yangu haijui saa. Mwanzoni kabisa kuna mstari wa saa, niliandika sifuri, yaani haipo. Weka moja, halafu geuza upya.”

Roza akaweka moja. Mashine haikuchapa kosa hata moja. Kisomaji kikavuta kanda, namba zikatoka, Roza akazisoma. Mito yote ilikuwa imevuka kingo tangu usiku.

Sedekia akaikimbilia simu ya upepo, akawaita polisi wa Chimala, kule Usangu. Sauti ikajibu ikikwaruza. Maji yalikuwa yameshafika bondeni, tangu saa tano. Watu wengi walikimbilia shuleni, juu kilimani.

“Ila yule mzee Msukuma, Limbu, alirudi kufungua zizi,” sauti ikasema. “Hatujamwona tena.”

Saa tano wao walikuwa bado wanapishana mlangoni. Roza akakaa sakafuni, akashindwa hata kulia. Isakwisa akaliondoa koti usoni, akageuka, akamtazama mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

“Mwanangu,” akasema, “onyo la baba yako nimelichelewesha mimi.”