Nyumba ya Njia ya Juu

Kesang alipofika mtoni hakukuta daraja. Mvua ilikuwa imeling'oa, kamba zake zimebaki upande mmoja tu, zinaburutwa na maji ya kijivu. Ng'ambo, njia ya kwenda kwa binti yake ilionekana vizuri kabisa, inapanda taratibu kati ya mashamba ya wimbi, kana kwamba inamcheka.

Alitua kikapu chake cha mgongoni. Ndani mlikuwa na siagi iliyofungwa kwa majani, mayai yaliyolazwa kwenye pumba, na jibini kavu. Binti yake Yangzom alikuwa amejifungua, na mtoto hatolewi nje kuonyeshwa jua mpaka bibi yake afike na siagi ya kumpaka utosini.

"Ndiyo hivyo tena, shemeji," alisema Rinchin, mdogo wa mumewe. "Turudi nyumbani. Maji yakipungua tutakuja."

"Maji yakipungua mtoto atakuwa na ndevu."

Talom aliangua kicheko. Huyu alikuwa Mwadi, mtu wa kabila la kule bondeni, mwenzake Rinchin wa kuwinda, mtu wa mabega mapana anayebeba mzigo wa watu wawili huku akipiga mluzi. "Si kuna njia ya juu?" aliuliza. "Tunapanda msituni, tunalala kwenye ile nyumba iliyo peke yake, kesho tunashuka upande wa pili."

Rinchin alitema mate. Kesang akajifanya anakaza kamba ya kikapu.

"Nimesema nini kibaya?"

"Ile nyumba ni ya Dechen," alisema Rinchin. "Yule mwanamke anatoa sumu."

Jambo hilo Kesang alilisikia tangu akinyonya. Kulikuwa na nyumba, watu walisema, ambamo sumu hurithiwa na binti kutoka kwa mama, kama wengine wanavyorithi mikufu. Mwenyewe huificha chini ya ukucha wa kidole gumba, na anapokukabidhi kikombe anachovya kidole hicho ndani kidogo tu. Unaweza kufa siku hiyohiyo, unaweza kufa mwaka ujao, na bahati yako yote inahamia kwake. Mchuuzi mmoja wa chumvi alikunywa chai kwa Dechen, akaja kufa mbali sana, majira ya baridi ya pili, kwa kuanguka gengeni. Watu walisema ni ile chai.

"Nyie Wamemba mna mambo," alisema Talom. "Mtu aniue apate bahati yangu? Mke wangu kanikimbia, mbwa wangu kipofu. Achukue tu."

"Cheka. Tumbo likikukata utacheka vizuri."

Kesang aliinama. Alibeba kikapu, akageukia mlimani, na wanaume wakamfuata.

Walipanda tangu asubuhi kwenye ukungu. Ruba waliwadondokea kutoka kwenye mianzi, na kila waliposimama Kesang alijikagua vifundo vya miguu na kuwabandua. Juu zaidi mianzi ilikwisha, ikaanza ile miti mifupi iliyopinda, mlima mzima umewaka maua mekundu. Hapo Kesang aliwatangulia wenzake. Aliwasikia nyuma, chini ya jabali, wakicheka na kusukumana, kisha wakachelewa kidogo. Walipomfikia, Talom alikuwa analamba vidole, ndevu zake zinang'aa.

"Sega limedondoka lenyewe, dada. Mvua imenipakulia."

"Na wewe?" Kesang alimuuliza Rinchin.

"Mimi sipendi vitamu."

Kesang alitazama yale maua. Asali ya majira ya maua yale watu wa kwao hawaigusi, na Rinchin alilijua hilo kuliko yeye. Alitaka kusema kitu, lakini radi ikapiga, mvua ikamwagika, na wote watatu wakaanza kukimbia.

Dechen alikuwa amesimama mlangoni kabla hawajabisha. Mwanamke mkavu, mrefu, mvi zake amezisuka vizuri na kuzizungusha kichwani. Aliwatazama wanavyochuruzika maji, na hakuonekana kushangaa wala kufurahi.

"Daraja limekwenda," alisema.

"Limekwenda, mama," alijibu Kesang.

"Ndiyo. Bila hivyo msingepita huku. Ingieni, jiko limewaka."

Ndani palikuwa pasafi mno, na usafi wenyewe ukamtia Kesang wasiwasi. Kwa nini mtu anayeishi peke yake asugue sufuria hivi? Nyama iliyokuwa ikikaushwa juu ya jiko, nyama ya nini? Aliketi karibu na mlango, kikapu mapajani. Macho yake yalienda mkononi mwa Dechen, kwenye kidole gumba cha kulia. Ukucha ulikuwa mrefu kuliko nyingine, au aliona hivyo tu. Tangu hapo hakuweza kuuondolea macho.

Dechen alipiga chai ya siagi na chumvi, akaimimina. Kesang akatoa bakuli lake mwenyewe kifuani, lile alilochongewa kwenye kifundo cha mti, ambalo wanasema hupasuka likiguswa na sumu. Alilinyoosha bila kumtazama mwenyeji usoni.

Dechen akaliona. Akalijaza mpaka ukingoni, taratibu, kidole gumba amekiinua juu kabisa, mbali na chai, kama anayemwonyesha mtoto.

"Limepasuka?" aliuliza.

Kesang alihisi masikio yakimwaka moto. "Hapana, mama."

"Basi kunywa, isije ikapoa."

Kesang aliweka midomo ukingoni na kuifunga. Rinchin alisema tumbo linamsumbua, hata maji hayapiti. Talom ndiye aliyekunywa, vikombe kwa vikombe, na ugali wa wimbi ulipoepuliwa akaumega kwa mikono miwili, akauchovya kwenye pilipili na jibini, huku akimsifu mpishi.

"Mama, wewe ungekuwa kijana kidogo ningekuposa."

"Na mimi ningekataa. Unakula kama dubu."

Kwa mara ya kwanza Dechen alicheka, na kicheko kile kilimshtua Kesang kuliko ukucha. Kilikuwa cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi.

Nje hakujaingia giza bado Talom alipoacha kutafuna. Alijishika mdomo. "Ulimi umekufa," alisema, na mate yakamtoka pembeni. Alijaribu kusimama, magoti yakakataa, akajitapikia na kuanguka ubavu, karibu akipige kichwa kwenye mafiga. Uso ulikuwa umebadilika rangi, jasho jembamba linamtiririka. Kesang alimshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yanakuja moja moja, kama mtu anayetembea amechoka.

Rinchin alikuwa amekwisha kuchomoa panga.

"Toa dawa yake!" alimfokea Dechen. "Toa, au nakuchomea nyumba hii na wewe ndani!"

"Choma," alisema Dechen. Hakuwa ameinuka alipokaa. "Mvua itanizimia moto."

"Shemeji, unamwona? Unamwona alivyo? Hata hashtuki!"

Na kweli Kesang aliona hivyo. Woga wote aliopanda nao mlima ulimjia kwa pamoja, ukamwambia, ndiye, ndiye, si unaona. Alimtazama Dechen, akatazama ugali, pilipili, jibini. Kisha akamtazama Rinchin, akaona kitu asichokitarajia. Rinchin alipiga kelele akimwelekea Dechen, lakini macho yake yalikuwa yanautafuta mkoba wa Talom.

Kesang aliuvuta mkoba, akautia mkono. Ndani mlikuwa na nusu ya sega, limefungwa kwa jani, bado linavuja. Asali yake ilikuwa nyekundunyekundu.

"Nani alimpa?"

"Aliokota mwenyewe."

"Rinchin. Nani alimwambia ale?"

Panga likateremka kidogo. "Ulikuwa mzaha tu," alisema. "Wanajigamba sana hawa Waadi, matumbo ya chuma. Nikasema tuone. Sikujua atakula nyingi hivyo." Kisha akapandisha sauti tena. "Lakini huwezi kujua! Labda ni asali, labda ni huyu. Labda ni vyote viwili!"

Dechen alikuwa tayari jikoni. Alimimina maji ya mtindi kwenye sufuria ndogo, akatia chumvi nyingi, akapasha moto. "Asali hiyo nimeona inaangusha ng'ombe," alisema. "Anywe hii kidogo kidogo, alale kichwa chini, miguu juu. Akipita leo amepona."

Alimnyooshea Kesang kikombe. Rinchin akazuia kwa mkono. "Aonje kwanza yeye!"

"Onja, mama," alisema Kesang kwa sauti ndogo. "Onja tu, yaishe."

Dechen akakiweka kikombe chini, katikati yao.

"Sionji," alisema. "Tangu nivunje ungo naambiwa onja kwanza. Harusini kwangu niliambiwa onja kwanza. Siku ya kumzika mume wangu, watu walikuja na maji yao kwenye vibuyu. Binti yangu amekwenda mji wa mbali, anafua nguo za watu, kwa kuwa huku hakuna mwanamume wa kula mkononi mwake. Leo sionji. Huyo ni mgonjwa wenu. Mpeni, au mwacheni."

Talom alikoroma. Mapigo yake, Kesang alipomshika tena, yalikuwa mbali zaidi.

Baadaye aliulizwa mara nyingi alikuwa anawaza nini. Hakuwa amemwamini yule mwanamke. Alikuwa anamwogopa vilevile, na kile kidole vilevile. Lakini aliinua kikombe, akapiga funda kubwa, akameza. Ilikuwa moto, chumvi tupu, na uchachu wa mtindi. Akangoja. Kisha akakiinua kichwa cha Talom, akaanza kumnywesha.

Dechen aligeuka akatazama ukutani, na mabega yake yalitikisika kidogo. Kama alikuwa analia au anacheka, Kesang hakuuliza.

Asubuhi Talom aliamka amelegea kama nguo iliyoloa, akaomba ugali. Alipoambiwa yaliyopita alimtazama Rinchin muda mrefu. "Rafiki yangu wewe," alisema, basi. Mzigo wake aliubeba mwenyewe, na njia nzima ya kushuka hakupiga mluzi.

Pale mlangoni Kesang alitafuta neno la kumwambia Dechen, akaishia kusema, "Tumekusumbua, mama."

"Ukifika kwenu, sema ulikula wapi," alijibu Dechen. "Sitaki kingine."

Yangzom aliwapokea ndani kwa furaha, mtoto mgongoni. Lakini aliposikia walipolala, alivishika vile vifurushi vya siagi kwa ncha za vidole. "Mama, vililala mle ndani? Ulivifunika vizuri?" Jioni, mtoto alipakwa utosini siagi iliyoazimwa kwa jirani. Kesang aliona na hakumlaumu, kwa kuwa mwenyewe, alipoamka asubuhi, alikuwa ameutoa ulimi mbele ya kioo kuukagua rangi.

Kijijini kwao Rinchin alifika na hadithi yake imekwisha kupikwa. Walinusurika kwa mwanamke wa sumu. Mwadi aliponea chupuchupu, kwa vile yeye Rinchin alichomoa panga na kulazimisha dawa itolewe. Watu walimpokea kwa midomo wazi. Kesang alinyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili. Kila alipopita kisimani alisikia hadithi imeongezwa kitu. Mwishowe, sikukuu ya kupanda ilipofika na watu wote wamekaa uani pa hekalu, alisimama na birika lake mkononi akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nilikula kwa Dechen. Nilikunywa mkononi mwake. Talom aliangushwa na asali aliyolishwa na shemeji yangu, na Dechen ndiye aliyemwinua. Basi."

Mtu mmoja alikohoa. Rinchin aliangua kicheko kirefu, kisha akakiacha.

Kesang aliendelea kugawa chai, alivyofanya kila mwaka. Alipomfikia mke wa Rinchin, mwanamke waliyelima naye shamba moja tangu waolewe, yule akafunika kikombe kwa kiganja.

"Nimeshiba, dada."

"Hujanywa hata kimoja."

"Nimeshiba tu." Na macho yake yakashuka, mara moja, upesi, yakatua kwenye mkono ulioshika birika, kwenye kidole gumba.

Wa pili naye alikuwa ameshiba. Na wa tatu. Kesang alirudi mahali pake na birika zito, akajimiminia, akanywa mbele yao mpaka akalimaliza, ingawa chai ilimchoma koo.

Kabla ya baridi kuanza alifunga tena kikapu kwenda kumwona mjukuu. Daraja jipya lilikuwa limekwisha kufungwa. Mumewe alimsindikiza hadi mtoni, akasimama amshike mkono kwenye kamba, na akaona Kesang amegeuka, ameshaanza kupanda njia ya juu.