Kura Moja ya Ebersole

…na kiduara chenyewe kidogo hivi, kama punje ya mtama, na kalamu wameifunga kwa uzi kana kwamba mzee wa miaka sabini na mmoja ataiiba, nimeshapaka wino kwa mkuu wa polisi wa kaunti, nimepaka kwa hakimu nisiyemjua hata kwa sura, imebaki ya rais tu, na nyuma ya ubao huu namsikia Arlys anapokea wapiga kura mezani, "karibu Ron, hebu rudisha kitambulisho mfukoni, mimi si ndiye niliyekufundisha Jumapili kanisani, nikusahau leo?", wanacheka, kituo kizima cha zimamoto, ndimo tunamopigia kura, kinacheka, na mimi mkono hauendi… miaka minne iliyopita ulikwenda wenyewe, papa hapa, mke wangu Twyla akiwa na mwezi mmoja tu kaburini, hospitali yetu ilikuwa imefungwa, ambulensi ikabidi imkimbize maili sitini, na kwenye maili ya arobaini nikausikia mkono wake unaniachia, taratibu, basi yule mgombea wa Wademokrati alikuwa amesema atazifungua hospitali za mashambani, kama angezifungua sijui, wanasiasa bwana, lakini angalau alizitaja, wa chama chetu hakuzitaja hata kwa bahati mbaya, nikapaka wino kwake, mimi Verlin Stucky, baba yangu angefufuka angenichapa, nikatoka nikanywa kahawa yangu kama kawaida, nikasahau kwamba gazeti la kaunti linatoa matokeo kituo kwa kituo… nilisahau kweli? Acha uongo, mzee, ulijua… Ebersole, mia moja thelathini na moja upande huu, moja upande ule, moja! Na pale mkahawani pai haijapoa walishampata mwenyewe, Wendell Froese, mwalimu mstaafu, ana gari la umeme, anasoma magazeti ya mjini, nani mwingine? Deke, mwenzetu wa kahawa, akapiga meza, "haya, komredi wetu anaingia, mpisheni!", na mimi nikacheka, Mungu nisamehe, nikacheka kuliko wote, na Wendell akasema tu, "kura ni siri, jamani," akachukua kahawa yake akaenda kukaa peke yake dirishani, siku hiyo na siku zote, miaka minne, na wanawake wa kanisani wakawa kila mara wanasahau kumwambia Nelda, mkewe, siku ya kushona mablanketi… kumbe Wendell alipiga kama wao! Wangefikiri kidogo tu, lakini wangefikirije, mwenye hesabu ni mimi, tulipiga watu mia moja thelathini na wawili, ile moja ni yangu, basi yake iko kwenye rundo lao, angeweza kuapa, hakuapa, alikuja barazani kwangu na nyanya kwenye ndoo akasema, "Verlin, hapa mjini tuko wawili tu tunaojua kwamba siyo mimi," akaningoja, macho yake haya hapa, na mimi nikamwambia naona mvua itachelewa mwaka huu… mvua! Agosti iliyopita tukamzika, watu kumi na mmoja, nilisimama nyuma kabisa.

Sasa nikipaka kwa wa kwetu, Alhamisi gazeti likitoka watasema mnaona, Wendell kazikwa na kura yake, tulijua, na nikipaka kule watasema ni Nelda, kamrithi mumewe, kote kote kiduara hiki kinanificha mimi na kumwacha yeye uwanjani, siri gani hii… "Habari za asubuhi, Arlys," hiyo ni sauti ya Nelda, amekuja, na kicheko kimekatika palepale, "kitambulisho," "Arlys, tumeimba kwaya pamoja miaka thelathini," "kitambulisho, mama, sheria ni sheria," namsikia anafungua mkoba, funguo zinaanguka, vidonge vinaviringika sakafuni, hakuna anayeinama kumwokotea, hakuna hata mmoja, "Verlin, umelala humo?" Deke anauliza, na nilidhani nina hasira na Arlys lakini siyo Arlys, ni mimi, miaka minne nimemlia yule mtu nyanya zake… nipake popote, wa hospitali au wa baba yangu, hilo ni la baadaye, karatasi haitanisemea, karatasi haina mdomo, na sentensi yenyewe fupi, naijaribu kimoyomoyo, ile kura ilikuwa yangu, tena, ile kura ilikuwa yangu, Wendell hakuipiga, tena, na safari hii imetoka mdomoni, nimeisikia kwa masikio yangu, na huko mezani Nelda anasema, "Verlin, rudia."