Ruhusa ya Kumshusha Tokiji

...basi fumbeni macho, watoto, muone ukumbi mkubwa usio na madirisha, meza zimepangwa safu kwa safu kama madawati ya mtihani, nyuma ya kila meza watu wawili wawili, mbele yao vijitabu vya katuni walivyochora wenyewe, na kwenye ile meza yenye kitambaa cha kijani amekaa mwalimu wenu, mikono magotini, anamtazama mwanamume wa kampuni ya uchapishaji akifunua kijitabu chake ukurasa baada ya ukurasa... ona nilivyo, nimestaafu siku nyingi na bado jambo likinibana nazungumza na darasa la nne kichwani, watoto ambao sasa wana ndevu na mabosi wa kuwafokea, na mmoja wao, Madoka, ndiye huyu hapa kando yangu, amenikanyaga mguu chini ya meza na hajauondoa, maana ameniona nikifungua mdomo, naye anajua kilichomo, anakijua tangu jana, nataka kusema samahani, bwana, tunaomba ruhusa, maneno mepesi hayo, nimewafundisha watoto wa watu maisha yangu yote, ukitaka kifutio cha mwenzako omba, ukitaka mkasi omba, hata kama ni rafiki yako, hata kama amekaa safu ya mwisho nenda ukamwombe, na leo mimi mtu mzima nimechukua mtoto wa mtu, nimemchukua Tokiji wa katuni, fundi wa paa, yule kijana wa kijiji kinachozamishwa ili lijengwe bwawa, maji yanapanda naye anabandika vigae, watu wanahama naye anabandika vigae, kwa sababu, alisema, mvua ya leo ni ya leo... niliwasomea baada ya chakula cha mchana, tulingojea gazeti la katuni kila mwezi kama wanaongoja barua, mpaka ule mwezi Tokiji akawa juu ya paa la mwisho, ngazi imechukuliwa na maji, kunguru wake anazunguka juu yake, na chini ya ukurasa maandishi madogo madogo, mchoraji anapumzika kwa muda kwa sababu ya afya, kwa muda, walisema, na muda huo haujaisha hadi leo, hata ile filamu ya katuni ya televisheni ilikatika kabla ya kufika pale paani, na mimi na Madoka ndio tuliomshusha, kwa kalamu zetu, katika kijitabu hiki, sisi, bila kumwomba mtu yeyote.

Anasoma polepole huyu bwana, mbona anasoma polepole hivyo, wengine wanafunua haraka haraka kama wanahesabu kadi, yeye amesimama kwenye ukurasa wa tano, ule wenye mkono niliouchora vibaya, vidole kama viazi vitamu, nilimwambia Madoka tuurudie akasema, Mwalimu, tukirudia kila mkono Tokiji atakufa juu ya paa kwa uzee... huyu bwana alikuwa na kitambulisho cha manjano shingoni, nilikiona alipokuwa bado anakuja, akitokea kule mwisho wa ukumbi kwenye meza za makampuni ya uchapishaji, wanakokaa wahariri wakipitia kazi za vijana, na Madoka akaninong'oneza bila kusogeza midomo, huyo ni wa kampuni yenyewe, Mwalimu, kampuni ya Tokiji, ajabu ya watu hawa, wanakuja kutafuta wachoraji wapya kati ya watu walewale wanaochukua wahusika wao bila ruhusa, kama mwenye shamba anayekuja kuajiri vibarua kwa wanaomchimbia viazi... na alipofika hatua chache kutoka kwetu akasimama, akakishika kitambulisho kwa utepe wake, akakitumbukiza kwenye mfuko wa shati, ndipo akasogea, ndipo akasema, "Naweza kuangalia?", nami nikawaza, huyu anajificha, huyu amekuja kutupeleleza, na ndipo nilipofungua mdomo, kwa sababu mtoto aliyekosa ni bora aseme mwenyewe kabla hajaitwa, nimesema hivyo mara ngapi, na mguu wa Madoka ukaja juu ya wangu.

Jana tulikula tambi pale karibu na kituo cha treni, Madoka akanieleza tena, kwa subira, kama mimi nilivyomweleza yeye kugawanya, kwamba kuchora wahusika wa mtu ni kosa kisheria, ndiyo, lakini ni kosa lililolala, polisi hawaliamshi, anayeweza kuliamsha ni mwenye mali akienda mwenyewe kulalamika, na hata bunge lilipobadilisha sheria ili polisi wamkamate mtu bila kungoja malalamiko, na watu wa safu hizi wakakosa usingizi mwaka mzima, mwishowe walilengwa wale wanaoiba kitabu kizima na kukiuza, vijitabu vya aina yetu vikaachwa vilale kama zamani, na kampuni zinajua, kila mtu anajua, na kila mtu anatazama pembeni, "sasa wewe, Mwalimu, unataka kuliamsha kwa adabu," aliniambia akiwa na tambi mdomoni, "ukiuliza atalazimika kujibu, na akijibu kwa jina la kampuni jibu ni moja tu," nami nikasema jibu likiwa hapana basi ni hapana, tutakusanya vitu vyetu, tutarudi nyumbani na mioyo safi, naye akaweka vijiti chini, akaniuliza, na wale wengine?... wale wengine, safu nzima hii ni ya Tokiji, wasichana wawili waliokuja kwa basi la usiku kutoka Akita, yule mama anayeshona vikaragosi, na Bwana Nukaga hapa kushoto kwetu, mfamasia wa Mito, anayechora kunguru peke yake, miaka yote hii kunguru tu, kunguru mvuani, kunguru akioga, hapana moja tu kutoka kwa kampuni na wote hawa wamesikia, hakuna tena wa kutazama pembeni, na asubuhi nilipomgusia Nukaga akacheka mpaka miwani ikashuka, "mimi nikishikwa nitasema kunguru ni ndege wa porini, Mwalimu, hana mwenyewe," halafu akaacha kucheka, akapanga upya vijitabu vyake ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Ukurasa wa tisa. Amekohoa... Nukaga anamwambia mteja kwamba hapana, hana kunguru anayetabasamu, kunguru hatabasamu, nenda duka la vikaragosi, na kipaza sauti kinatangaza mwavuli uliopotea, mwavuli wa bluu, mpini wa mbao, na mimi natamani huyu bwana akisome chote na natamani akiweke chini aondoke, na sasa ameinua macho, ameniona, mdomo wangu bado uko wazi kama wa samaki sokoni, "Mama, ulitaka kuuliza kitu?", kwa upole kabisa, kitabu kikiwa bado wazi mikononi mwake, na mguu wa Madoka unanisaga sasa, unaniumiza kweli, na neno liko hapa, kwenye meno, ru... na badala ya sauti yangu naisikia sauti ya mama, mama yangu mzazi, akibisha hodi kwenye lango la Mzee Isurugi, kule kwetu Funabashi, mimi nimesimama nyuma yake nimeinamisha kichwa, kwa ajili ya mtini, tawi moja lilikuwa limevuka ukuta, na sisi watoto tukitoka shule tulikuwa tunachuma tini, vidole vinanata utomvu mweupe, na kila tulipokaribia, mzee aliyekuwa akifagia uwanja aliegemeza ufagio ukutani, akaingia ndani na kufunga madirisha ya mbao, kwa kishindo, mchana kweupe, tukadhani ana hasira na jua, tukamcheka, tukachuma... na mama alipojua akaona haya, akavaa nguo yake ya sherehe, akanunua boksi la keki za maharage, akaenda kuomba ruhusa rasmi kwa niaba ya watoto wote wa mtaa, na mzee akalitazama lile boksi muda mrefu sana, akasema, "Mama, ungeniacha nisijue," kisha akasema hapana, hawezi, mtoto akianguka pale ukutani itakuwa ni yeye aliyempa ruhusa, akasema pole, akainama, mama naye akainama, na Jumapili tukasikia msumeno ukikata lile tawi, na keki zilirudi nasi nyumbani, zikakaa kabatini mpaka zikaota ukungu, mama akisema angalau tumekuwa watu waaminifu... waaminifu, na watoto wa mtaa hawakunisemesha mpaka majira yakabadilika, na kwa umri wangu wote nilidhani ni mzee mwenye choyo, nimewasimulia hata nyinyi darasani, watoto, kama mfano wa choyo, sikuwahi kufikiria kwa nini alifunga madirisha mchana.

Anangoja. Ana nyusi nyepesi, amechoka, ana doa la wino kwenye ukucha, na utepe wa manjano bado unachungulia mfukoni, ncha tu... hakukificha, jamani, mtu anayejificha haweki kitu mfukoni mbele ya macho yako, hatua chache kutoka mezani, polepole, ili uone, alikuwa anafunga madirisha, alikuwa ananiambia, mama, kwa dakika hizi mimi si kampuni, mimi ni mtu tu anayetaka kusoma, na mimi nataka kumrudisha ndani ya kitambulisho chake kwa nguvu, nimvalishe, nimwambie sasa jibu, na nani anaihitaji ruhusa hii, tuseme ukweli, si Tokiji, si Madoka, si wasichana wa Akita, ni mimi, nataka kulala vizuri leo, na bei ya usingizi wangu walipe wengine, na hata yeye alipe, aliyekuja hapa miguu ikimuuma ili asome jinsi mtoto wao alivyoshuka...

"Hapana," nasema, na sauti yenyewe inatoka ya mwalimu, ile ya maktaba, "soma tu, bwana. Hatuna haraka." Mguu wa Madoka unalegea. Bwana anarudisha macho kwenye kitabu, na nilidhani nikishanyamaza nitatulia, wapi, ndio kwanza maswali yamejaa kifuani kama watoto mlangoni kengele ikilia, kwa sababu huyu si mtu wa kampuni tu, huenda ni mhariri mwenyewe wa Tokiji, huenda anajua mchoraji yuko wapi, yu hai au vipi, mkono wake unashika kalamu au haushiki, kwa muda, ni muda gani, bwana, na hilo nalo haliulizwi, hilo ndilo haliulizwi kabisa, maana ni mtu wa kampuni tu ndiye mwenye jibu... amefika kwenye milango. Amesimama. Ni kurasa mbili pamoja, Madoka alizichora juma zima, wanakijiji waliohama wanarudi juu ya maji, wameng'oa milango ya nyumba zao na kuifunga pamoja ikawa chelezo, kila mlango na nakshi yake, na Tokiji juu ya paa anazitambua nyumba kwa milango, anawataja wenyewe mmoja mmoja.

"Hili wazo la milango," anasema, haangalii juu, "ni la nani?"

Na hili naweza kulijibu, hili ni langu kulijibu, namwambia ni la wanafunzi wangu wa darasa la nne, gazeti lilipokatika walikataa kula mchana, nikawapa karatasi niwatulize, nikasema haya, mshusheni nyinyi, na mmoja akachora mlango juu ya maji, wengine wakamwiga, darasa zima milango, "na aliyeuchora wa kwanza ndiye huyu," nasema, na Madoka anainamisha uso mpaka nywele zinagusa kitambaa cha kijani. Bwana anaitikia kwa kichwa, taratibu, anaitikia tena, kisha anasema, "Nitachukua hiki. Na kingine kimoja, kama mna bahasha ngumu isiyokunjika. Hicho kitakwenda kwa posta." Kwa posta... naitafuta bahasha chini ya meza, nashukuru kuwa chini ya meza uso hauonekani, kwa posta wapi, kwa nani, kwa yule anayepumzika kwa muda, Madoka ananiangalia, amefikiria nilichofikiria, macho yamejaa, na mguu wake uko mbali na wangu, hakuna anayenizuia sasa, ningeweza, ni maneno mawili tu, kwa nani, bwana... naweka kadibodi nyuma ya kijitabu ili pembe zisivunjike, nakisukuma ndani ya bahasha, nafunga, upande wa anwani nauacha mweupe, nauelekeza kwake, na yeye haipokei bado, bado anasoma, amefika ukurasa wa mwisho, unyayo wa Tokiji umegusa ardhi, na hapo amebaki, hafunui, hakuna tena cha kufunua, na ukumbi unavuma, na mwavuli wa bluu bado haujapata mwenyewe, na mimi nimeshika bahasha hewani wala mkono hauchoki... fumbueni macho, watoto, taratibu, msisogeze viti, na kama mtasahau yote niliyowafundisha, kugawanya, kuomba mkasi, yote, nawaombeni mkumbuke hili moja, mkimwona mtu anasoma polepole namna hii, msimuulize anamsomea nani.