Nia ya Misa ya Paskasi

Mwanamume aliye hai unaweza kugombana naye, akushinde au umshinde, mambo yakaisha. Amedeus alikuwa na bahati mbaya ya kumwonea wivu marehemu.

Marehemu mwenyewe ni Paskasi, mume wa kwanza wa Ursula. Alikuwa mvuvi wa Ziwa Babati, akaacha nyavu, akawa askari wa miguu, akauawa vitani Kongo na kumwacha mkewe na mimba ya Goodness. Amedeus, muuza vipuri vya pikipiki pale Bagara, akamwoa mjane, na mji mzima ukamwita Baba Goodness. Jina hilo alilipenda, na lilimchoma.

Kila mwaka Ursula aliomba misa ya kumbukumbu, kisha wavuvi wakaja nyumbani kwao Nangara kula perege na kusimulia habari za mwenzao. Ukitaka kusifiwa, kufa. Mwaka juzi, katika masimulizi yao, Paskasi alimfukuza kiboko kwa kasia; mwaka jana viboko wakawa wawili. Ursula alicheka siku hiyo kicheko ambacho Amedeus hakukipata mwaka mzima, naye alikitaka kwa roho yake yote.

Mwaka huu Ursula alishikwa na homa, akamtuma mumewe akaandikishe nia parokiani, ili jina la Paskasi lisomwe misani. Amedeus alifika hadi mlangoni mwa ofisi, akasimama. Mwaka mmoja tu, alijiambia, marehemu apumzike na mimi nipumzike. Akageuza.

"Umeandikisha, Baba Goodness?"

"Tayari."

Jumapili padri alisoma nia zote: marehemu wa familia hii na ile, wagonjwa, watoto wa darasa la saba. Paskasi hakutajwa. Mama yake, Bibi Anjela, aliyetoka Sigino alfajiri, alibaki ametega sikio hata wimbo ulipoanza. Amedeus aliona raha, lakini haikufika mbali.

Nyumbani bibi alikataa kiti. Wavuvi walikuwa tayari na sahani zao mikononi.

"Ursula mwanangu, nia ya Paskasi aliandikisha nani?"

Ursula alimtazama mumewe mara moja tu. "Ni mimi, mama. Nilikuwa naumwa, nikasahau."

"Ukasahau." Bibi alitikisa kichwa. "Sawa. Umeshaolewa, una haki ya kusahau. Goodness, niletee mkoba wangu."

Basi Amedeus akawa amepata alichokitafuta miaka yote: mkewe kamchagua yeye, mbele za watu, akamwacha yule. Lakini Ursula alikuwa ameinamisha uso kama mwizi, na Amedeus aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Usimlaumu, mama," alisema. "Alinituma mimi. Niliacha kwa makusudi."

"Kwa nini, Amedeus?"

"Wivu, mama."

Bibi Anjela alikaa sasa. Hakuonekana na hasira. Alimtazama mkwe huyu asiye mkwe, akaongea polepole.

"Wivu hata mimi ninao, nakuonea wewe. Mke wa mwanangu anakupikia. Mtoto wa mwanangu anakuita baba. Ukiugua una wa kukuuguza. Yeye hatujui hata nani alimfumba macho. Nikavumilia, maana nilibakiwa na jina lake, siku moja kwa mwaka, kanisani. Nalo ulikuwa unalitaka?"