Mugisho Amepumzika

Eliamini hakuwa mtu wa kukosa maneno. Mpare huyu wa Columbus, Marekani, aliongea mpaka akawachosha watu kanisani, na ndiyo maana kampuni ikampa usimamizi wa Wakongo waliotoka Louisville na Buffalo kwenda jangwani Nevada kutunza maturubai meupe.

Maturubai yenyewe si haya ya kuanikia maharage. Yametandazwa chini, makubwa kama mashamba, ili yalirudishe jua lilikotoka, dunia ipoe kidogo. Kazi ni kuyaweka meupe: ufagie vumbi, uzibe palipochanika, ukaze kingo kwa mifuko ya mchanga kabla upepo haujazichomoa. Unatembea juu yake kwa soksi, maana buti hutoboa. Jua linakupiga utosini, halafu linakurudia kutoka chini, mpaka ndani ya pua. Basi Eliamini kutwa alikuwa na neno moja kwa watu wake: kapumzike. Mugisho wa Louisville alilicheka neno hilo, akaendelea kufagia.

Jumatano Mugisho alianguka juu ya turubai, ufagio mkononi. Hospitali walihangaika naye, wakashindwa.

Simu ya kumwambia mkewe, Adolphine, ikamwangukia Eliamini. Sasa kwao Upareni humtamkii mtu kwamba mumeo amekufa, kama unayemwambia gari limeharibika. Akasema kwa adabu, jinsi alivyolelewa:

"Mama Josiane, Mugisho amepumzika."

Adolphine, mtu wa Bukavu, akacheka. "Asante Mungu. Bon, mumuache apumuzike. Ule mutu hajue kupumuzika." Akakata simu, anawahi zamu kiwandani.

Eliamini alibaki ameshika simu. Alitaka kulia, akajitafuta ndani, hola, ganzi tupu. Kupiga tena hakuweza. Akampigia Zihindula wa Buffalo, kaka wa marehemu, aliyekulia kambini Kigoma na neno hilo analijua vizuri. Huyo alielewa papo hapo, akalia. Lakini kumwambia shemeji yake alikataa katakata.

"Wewe ndiye ulianza," alisema. "Umalize."

Alirudi kwake Columbus kwa ndege, na Jumamosi akaendesha gari mpaka Louisville. Njia nzima hakuwasha redio, wala hakuwaza chochote cha maana. Alisoma vibao vya barabarani tu.

Adolphine alimfungulia mlango akiwa na mwiko mkononi, akachungulia nyuma yake, kwenye gari.

"Ulimuacha wapi? Simu yake haipite tangu ile siku. Nilisema ni réseau ya kule, iko mubaya."

Safari hii Eliamini hakutafuta neno la heshima.

"Shemeji, amekufa. Nilipokupigia Jumatano alikuwa ameshakufa. Nilisema vibaya, ukasikia vingine, nikaogopa kukurudia."

Adolphine hakulia. Alikwenda akazima jiko, akarudi, akakaa kwenye mkono wa kochi, mwiko bado anao. Eliamini akasimama palepale mlangoni, hajakaribishwa, na aliona ni haki yake.

"Kaka yake wa Buffalo anajua?"

"Anajua. Ameshawaambia wenzake."

"Na kwenu Columbus?"

"Jana walimwombea kanisani."

Adolphine aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Donc ni mimi tu," akasema, "mimi peke yangu ndiye nilikuwa ningali na bwana."