Rejista za Mama Mkunga

Mama Mkunga alistaafu akiwa na rejista kumi na tisa za uzazi, zimefungwa kamba, zinanuka dawa ya mende. Mwanawe wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifupi kwa kuwa aliinama kila mlango, alizinakili zote kwenye kompyuta, akazitengenezea tovuti. Wanawake waliotaka kujua watoto wao walizaliwa saa ngapi na kwa uzito gani wakawa wanatafuta wenyewe kwenye simu. Kisha figo zikamwangusha Kifupi. Miezi mitatu tu, wakamzika.

Haukupita muda, tovuti nayo ikagoma. Kila aliyeifungua alikuta maneno yaleyale: Imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Simu zikammiminikia mama wa watu, na kila aliyepiga alianza na pole akamalizia na malalamiko.

Ndipo alipomwita Mwalimu, dada aliyefundisha kompyuta chuoni na aliyewahi kufanya kazi na Kifupi. Asubuhi wakaketi chumbani kwa marehemu. Viatu vyake vilikuwa bado chini ya meza, vikubwa kama mabeseni.

"Rejista hazijapotea, mama," Mwalimu alisema. "Ziko kwenye mashine nyingine. Ukurasa lazima uifikie, utaje jina na neno la siri, useme unataka hifadhidata ipi, ndipo ujibiwe. Sasa wenye mashine wameihamisha. Anwani ni nyingine, na neno la siri la Kifupi halikubaliki tena."

Akamwonyesha mistari michache ambayo Kifupi aliiandika kwa PHP, lugha ya kutengenezea tovuti. Anwani akaibadilisha. Alipotaka kufuta mstari wa neno la siri, Mama Mkunga akamshika mkono.

"Mwanangu, usifute. Niachie huo."

Mwalimu akauacha. Akaweka vijistari viwili vya mshazari mbele ya mstari ule. "Haya. Mashine haitausoma, lakini upo." Chini yake akaandika neno jipya alilopewa na wenye mashine, akafungua ukurasa tena. Majina yakajaa kiooni.

"Nitafutie yeye," mama akasema.

Mwalimu akaandika jina kamili la Kifupi. Hakuna kilichopatikana.

"Nimesahau mie!" Mama Mkunga akajishika kichwa. "Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa kitandani. Mwenzangu aliyenizalisha hakuandika popote, na mwanangu alinakili yaliyoandikwa tu."

"Basi tumwandike sasa, mama."

Mama akataja tarehe, saa nne kasorobo asubuhi, kilo tatu na robo. Fomu ikakataa kuhifadhi. Sehemu moja ilikuwa bado wazi: hali ya mtoto, uchague hai au amefariki. Mwalimu akaondoa mkono kwenye kipanya.

Mama Mkunga akavaa miwani, akasogea, akabonyeza mwenyewe.

"Alizaliwa hai," alisema. Kisha akainamia meza, akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.